Mjomba Kigae Anajibu: Chungu cha Kale, Cheti cha Juzi

Haya jamani, barua zimejaa na safari hii karibu zote ni za vyungu vya kale vya Asia, sijui umeingia upepo gani. Nimechagua sita. Mliotuma picha za gizani naomba mrudie, pigeni nje, mchana, na msisahau kukigeuza chungu nikione kitako, manake wanaotengeneza feki wanahangaika sana na ubavu halafu kitako wanakisahau.

*Ami, shikamoo. Mie mtu wa Unguja ila nimeolewa Muscat, huu mwaka wa kumi na moja. Nimenunua chungu duka moja la vitu vya kale, rial 85, muuzaji kanambia cha bonde la Indus kule Pakistan, miaka 4,500, na kanipa cheti kina muhuri wa dhahabu. Kimechorwa mbuzi wa pembe ndefu na majani. Mume wangu anacheka tu, ati nimenunua chetezo kibovu. Ami, ni cha kweli au feki? Na nikienda likizo naweza kumpelekea mama?*
Bint Unguja, Muscat

Marahaba mwanangu. Mumeo asicheke sana, inawezekana wewe na yeye mko sawa nusu kwa nusu.

Nimeikuza ile picha yako ya tatu. Chini ya mguu wa mbuzi pana mchubuko, kipande kimebanduka, na ule mstari mweusi umeteremka mpaka ndani ya mchubuko. Sasa fikiria, mfinyanzi wa kule alichora kwanza, akachoma, ndo chungu kikaanza maisha yake, kikatumika, kikagongwa, kikazikwa, kikachubuka. Rangi ikikutwa ndani ya mchubuko basi aliyechora kachora baada ya chungu kuchubuka. Mimi bila kukishika nasema hicho udongo wake huenda ni wa kale kweli ila mbuzi wake kazaliwa juzi. Na mchezo huu uko sana, kwa sababu chungu kitupu kisicho na nakshi hakina bei, kwa hiyo anatafutwa fundi mwenye brashi anatia mbuzi, anatia samaki, anatia tausi na jani la mpipali, bei inapaa.

Ubaya ni kwamba chungu cha namna hiyo ukikipeleka maabara kitapita! Kuna kipimo kinaitwa termoluminesensi, watu wanakiita TL kwa kifupi. Ndani ya udongo mna chembe ndogo za mawe zinazonyonya mionzi ya ardhini pole pole miaka yote, kama betri inayochajiwa, na chungu kikichomwa tanurini ile chaji inatoka yote, inaanza upya kutoka sifuri. Maabara wanatoboa tundu dogo kitakoni, wanachukua unga kiduchu, wanaupasha moto na kupima mwanga unaotoka, mwanga mwingi maana yake kimechomwa zamani. Ni kipimo kizuri na kimewaumbua wengi, lakini kinakwambia tu udongo wa pale walipotoboa ulichomwa lini, hakijui nani kachora mbuzi. Tena wapo wanaobandika kitako cha kale kwenye mwili mpya wakijua fika kwamba maabara hutoboa kitakoni, na wengine wanasaga vigae vya zamani wanavifinyanga upya kwa gundi. Ndo maana mtu akinitumia cheti cha TL peke yake namwambia asante, nionyeshe na karatasi nyingine.

Karatasi nyingine ndo hizi. Risiti ya zamani, katalogi ya mnada, barua ya familia, picha ya chungu kikiwa kabatini kwa mtu mwaka fulani. Chochote kinachosema kilitoka wapi na kilitoka nchini lini. Cheti chako nimekisoma chote, kina maneno "halisi", "adimu", "tunakuhakikishia", na muhuri wa dhahabu, hakina jina la mji, hakina mwaka kilipotoka Pakistan, hakina hata jina la aliyekipima. Muhuri wa dhahabu unachongesha kokote.

Na hapa tunaingia kwenye sheria, manake swali lako la kumpelekea mama ndo zito zaidi. Pakistan ina sheria ya mambo ya kale ya 1975, kutoa kitu cha kale nchini bila kibali ni kosa, na kuna mkataba wa UNESCO wa 1970 ambao majumba ya makumbusho na minada mingi wanautumia kama mstari, kitu kisicho na ushahidi kwamba kilishatoka kwao kabla ya 1970 wanakiogopa. Usione ni maneno ya vitabuni. Mwezi wa tisa 2006 forodha ya Ufaransa ilifungua kifurushi uwanja wa ndege wa Paris, ndani mna vyungu 17 vya udongo vimetumwa kutoka Pakistan, karatasi zinasema vina zaidi ya miaka 100. Mtaalamu alipoitwa akasema hivi ni vya miaka elfu kadhaa, na inaelekea vimeibwa makaburini Balochistan, jimbo la Pakistan. Wakafuatilia, wakaishia kukamata vitu 445, na 2019 vyote vikarudishwa ubalozi wa Pakistan palepale Paris. Sasa wewe unataka kukibeba chako ndani ya begi pamoja na halua!

Kinachoniuma mimi sio faini. Balochistan ndo kuna Mehrgarh, watu walianza kulima na kufuga pale karibu mwaka 7000 KK, Wafaransa na Wapakistani walichimba kuanzia miaka ya 70 na wakaweza kufuata tabaka kwa tabaka jinsi watu walivyoanza na udongo mbichi mpaka wakafika kwenye vyungu vya rangi. Mwizi akipita na sururu kuchukua chungu kimoja cha kuuza anavuruga kaburi zima, mifupa huku, shanga kule, na ile hadithi hairudi tena hata chungu kikirudishwa. Harappa yenyewe, mji mkubwa wa kale wa Indus, karne ya 19 walichota matofali yake kutandika reli ya Lahore kwenda Multan, kabla dunia haijajua ule ni mji wa nani, mpaka uchimbaji wa miaka ya 1920 na tangazo la 1924 la John Marshall, mkuu wa mambo ya kale wa India wakati huo.

Ushauri wangu: rudi dukani na hiyo picha ya mchubuko, omba pesa yako, kwa adabu. Wakikataa kaa nacho hapo hapo, usiuze, usisafiri nacho, nenda kwenye makumbusho hapo Muscat uulize watakushauri nini, na usikisugue na asetoni (ile dawa ya kutolea rangi ya kucha) mwenyewe nakuomba. Na kama unapenda mambo ya Indus huna haja hata ya kununua, pale Ras al-Jinz mnapopeleka watoto kuangalia kasa wakitaga palichimbwa vipande vya mitungi mikubwa myeusi iliyotoka Indus, vya zaidi ya miaka 4,000, yaani hao watu walikuwa wanavuka bahari kuja Oman na bidhaa zao kabla majahazi yetu hayajawazwa.

Mimi mwenyewe nililizwa, usione nasema kama mtume. Nilinunua kisanamu cha mwanamke, nywele zimepangwa vizuri, macho ya mviringo, muuzaji akaapa ni Mehrgarh, kimejaa vumbi la kaburini. Nikakiweka kabatini miaka miwili natamba nacho, siku moja nikajaribu asetoni kwa pamba nyuma ya mgongo, vumbi lote likatoka kama uji. Lilikuwa limegandishwa kwa gundi. Chini yake udongo msafi kabisa, bado una alama ya kidole cha fundi. Nimekihifadhi, kinanipa adabu.

*Mjomba habari za kazi. Nina mtungi wa Han (enzi ya kale ya China) wa udongo, mfano wa ghala la nafaka, mama mwenye nyumba wangu wa zamani Mwingereza aliniachia alipofariki pamoja na katalogi ya mnada wa 1968. Sasa umeota unga mweupe kama ukungu. Nimefuta na kitambaa chenye maji unarudi, niuloweke na sabuni?*
Mpangaji, Leicester

Usiloweke! Huo sio ukungu, ni chumvi. Udongo wa kuchoma una vitundu vidogo, umekaa kaburini miaka karibu 2,000 umenyonya chumvi ya ardhi, sasa nyumbani kwako hita ikiwashwa hewa inakauka, chumvi inatoka nje inaganda, ikizimwa unyevu unarudi inayeyuka inaingia ndani, kesho tena. Kila ikiganda inasukuma uso wa mtungi, mwisho unabanduka magamba. Wewe kwa kitambaa chako cha maji unaisaidia.

Weka mbali na hita na dirisha, hali ya hewa isipande ikashuka, futa kwa brashi laini kavu, na ukizidi tafuta mhifadhi wa makumbusho, kuitoa chumvi kwa maji kunawezekana ila ni kazi yao, wanapima kwanza kama rangi itastahimili. Ukitaka kuunyanyua shika chini kwa mikono miwili, sio mdomoni. Kikivunjika kipande usiguse gundi ya dukani, wahifadhi wanatumia gundi inayoyeyuka tena kwa asetoni ili kosa lirekebishike.

Katalogi ya 1968 usiiweke mezani pa chai. Ile ndo mali, inaonyesha mtungi ulishakuwa Uingereza kabla ya 1970. Nakili, piga picha, weka mbali na mtungi ili moto ukitokea visiende pamoja. Halafu jua umepata kitu kitamu, Wachina wa Han walizika wafu wao na mfano wa kila kitu, ghala, jiko, kisima, mpaka banda la nguruwe lenye choo juu yake. Marehemu asipungukiwe.

*Mjomba niko Guangzhou napakia kontena. Nimeona farasi wa udongo wa Tang (enzi nyingine ya kale ya China) rangi tatu, yuan 400, jamaa anasema kachimbwa kwao. Nichukue?*
Mzee wa Kontena

Chukua kama umempenda, mweke sebuleni, sema ni pambo. Farasi wa Tang wa kweli hauzwi yuan 400, na angekuwa wa kweli ndo ungekuwa na kesi, China vilivyoko ardhini ni mali ya serikali na vitu vya kabla ya 1911 kwa kawaida haviruhusiwi kutoka nje. Karibu na Luoyang kuna kijiji, Nanshishan, wanatengeneza farasi hao na kazi yao ni safi hasa. Kununua nakala ya mfinyanzi aliye hai, tena akijisemea mwenyewe ni nakala, mimi naona ni ukusanyaji wa heshima kabisa. Omba tu kwenye risiti waandike "nakala" ili forodha wasikuzungushe.

*Shikamoo Mjomba. Nimeolewa na Mmarekani, baba mkwe marehemu alikuwa jeshi la anga, akakaa kambi ya Udorn Thailand 1970 mpaka 71. Kwenye boksi lake tumekuta vyungu viwili vyenye mizunguko myekundu kama alama za vidole, vizuri hatari. Wifi yangu anataka tuuze, mtu kashatuambia dola nyingi tu. Moyo wangu mzito sijui kwa nini.*
Mkamwana, Minnesota

Marahaba, na moyo wako una akili.

Hivyo kwa picha ni Ban Chiang, kijiji cha mkoa wa Udon Thani, mwendo mfupi kutoka kambini kwa baba mkwe. Hadithi yake huwa naipenda: 1966 kijana mwanafunzi wa Harvard, Stephen Young, baba yake alikuwa mwanadiplomasia, anapita njia ya kijiji, akajikwaa kwenye mzizi wa msufi, akaanguka kifudifudi, akainua macho anaona midomo ya vyungu imechomoza ardhini kila mahali. Watu walikuwa wanakanyaga makaburi ya mababu bila kujua. Vipimo vya TL vya mwanzo vikatoa miaka ya zamani sana, zaidi ya 4000 KK, dunia ikashtuka, wakasema shaba nyeusi imeanzia Asia ya Kusini-Mashariki. Baadaye ikaonekana vile vipimo havikuwa sahihi, na hivi vyungu vya mizunguko myekundu ni vya mwisho mwisho kwenye historia ya kijiji, kati ya 300 KK na 200 BK hivi. Bado ni vizee.

Lakini ule mshtuko ndo ulioleta janga. Bei ikapanda, wanakijiji wakachimba mpaka chini ya nyumba zao, na nyumba za kule ziko juu ya nguzo kwa hiyo unachimba kivulini bila hata kuhama, wakawauzia madalali, wageni, na wanajeshi. Uchimbaji wa kitaalamu wa Thailand na chuo cha Pennsylvania ulikuja 1974 na 1975, kwa kubahatisha sehemu ambazo hazijaguswa. Thailand ilikuwa tayari na sheria tangu 1961 inayokataza kutoa vitu hivyo bila leseni. Kwa hiyo ule mstari wa UNESCO wa 1970 ambao wifi yako pengine ameambiwa na mnunuzi haufuti kitu, hata vingekuwa vimetoka 1969 sheria ya kwao ilishakuwepo.

Marekani wanalijua jambo hili vizuri. Mwezi wa kwanza 2008 maafisa wa serikali kuu walivamia makumbusho kadhaa ya California siku moja kutafuta vitu vya Ban Chiang, kulikuwa na tuhuma watu wanavitoa kama zawadi kwa makumbusho kwa thamani ya juu kuliko bei halisi ili wapunguziwe kodi. Bowers ya kule Santa Ana iliishia kurudisha vitu 542 Thailand mwaka 2014.

Nyinyi hamjaiba, mmerithi boksi. Na baba mkwe kwa wakati ule labda alinunua kweupe sokoni kama unavyonunua kikapu. Ila kuuza sasa ni jambo jingine kabisa, maana unauza ukishajua. Ningekuwa mimi ningekusanya barua zake za jeshini, picha, hata lile boksi lenyewe lenye stempu, ningeandikia ubalozi wa Thailand nikasema tumekuta hivi na tunataka virudi. Wifi akisema hela, mwambie na huyo mnunuzi atamwomba karatasi, na asipoomba ndo umwogope zaidi. Kabla ya yote lakini angalia kimoja, kile cha kulia, mizunguko yake mikavu na sawa mno, inawezekana ni cha kale kilichopakwa rangi kumvutia askari, au kipya kabisa. Tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti, imulike gizani, viraka vya gundi na rangi mpya mara nyingi vinang'aa tofauti na udongo wa jirani yake.

*Mjomba tunabishana hapa kijiweni: chungu cha kwanza duniani ni Iraq, China au Japani?*
Kijiwe cha Magomeni

China, kwa tunavyojua leo. Pango la Xianrendong, mkoa wa Jiangxi, vigae vya miaka kama 20,000 iliyopita, taarifa yake ilitoka 2012. Japani wanafuata na Jomon, watu wao wa kale, eneo la Odai Yamamoto lina vigae vya kama miaka 16,000. Iraq wachanga hapo. Na kikubwa cha kubishania ni hiki, hao wote walikuwa wawindaji na wavuvi, hawajalima hata jembe moja, wakati shuleni tulifundishwa chungu kimekuja baada ya shamba. Aliyesema Iraq anunue kahawa.

*Shikamoo Mjomba, mi nasoma fomu four Kilwa Masoko. Tukienda Kisiwani huwa tunaokota vigae ufukweni, vingine kijani, vingine bluu kijani, nina kopo zima. Kuna mtalii anataka kulinunua elfu ishirini. Ni vya China kweli? Nimuuzie?*
Mwana wa Kilwa

Marahaba kijana. Ndio, vya kijani kizito chenye mwili mgumu wa kijivu ni vya China. Ila hivyo vya bluu kijani wengi wanakosea, tazama palipovunjika, kama ndani ni udongo wa njano laini unaokwaruzika kwa kucha basi hiyo ni mitungi ya Iraq na Iran, ilianza kufika pwani yetu karne ya 8 na 9, imeokotwa Manda kule Lamu, imeokotwa Unguja Ukuu. Udongo wa bonde la mito ya Iraq huo, umevuka bahari yote ukaja kuvunjikia kwenu.

Usimuuzie. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1863, na kigae ni kitu, hata kiwe kama ukucha. Alikuja mchimbaji wa mambo ya kale Mwingereza, Mortimer Wheeler, mwaka 1955 kutembea hapo, huyo ndo aliyechimba Harappa 1946, amezoea vigae, na bado akasema hajapata kuona vyombo vya China vilivyovunjika kwa wingi kama alivyoviona kati ya Dar na Kilwa. Viko vingi bado kwa sababu watu waliviacha hapo. Kigae ufukweni kinamwonyesha mtaalamu meli ilitia nanga wapi, nani alikula kwenye sahani ya mbali na nani kwenye chungu cha kienyeji, kikishaingia kwenye kopo lako hakisemi kitu.

Lichukue hilo kopo umpelekee afisa wa mambo ya kale hapo hapo, na umwonyeshe ulipookota kila kimoja kadiri unavyokumbuka, hata kama ni kumi tu unavyokumbuka. Mwambie akufundishe kuvitofautisha, maana jicho unalo. Na yule mtalii mpelekeni kwa mama ntilie akale pweza, elfu ishirini yake itatosha na chenji itabaki.